Matanga ya Fyuzi wa Honi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefiwa, na msiba wenyewe ulikuwa ndani ya dashibodi ya gari langu.

Kabla sijafika mbali niseme ukweli, maana ndoto hii haikuanza hewani. Nina van ndogo nyeupe ya kubebea kabichi na karoti kutoka Lushoto kushuka Mombo. Aliyewahi kushuka barabara ile anajua kwamba honi si pambo. Kila kona unapiga, anayepanda anakujibu, mnapishana salama. Juzi honi ikanyamaza. Nikafungua kile kiboksi cha chini ya usukani, nikakuta fyuzi ya honi imekatika, ile ya bluu, ya ampea kumi na tano. Nikaweka nyingine, ikakatika. Nikaweka ya tatu, nayo ikaondoka kabla sijafunga mfuniko. Zote nikazitupa dirishani.

Fundi Kupaza, ambaye hajawahi kuona kitu akakiacha bila kukitolea hotuba, akaniambia nimwachie gari siku nzima atafute shoti iko wapi. Nikamjibu kwamba mafundi wa magari wangekuwa madaktari, mtu angelazwa wiki kwa kukohoa. Nikachuna kipande cha waya wa shaba, nikakikunja, nikakipachika mahali pa fyuzi. Honi ikalia vizuri kuliko siku niliyonunua gari. Nikajiona bingwa.

Leo asubuhi ilikuwa tushuke Korogwe kwenye harusi ya shemeji yangu: mimi, mke wangu, mama mkwe, na binti yetu Zaina wa miaka mitano. Kwa hiyo nililala mapema, nikiwa na amani kabisa.

Basi naota nimepiga magoti chini ya usukani. Kiboksi cha fyuzi kina mlango wa mbao, na mlangoni amesimama kijiti cha kupimia oili, mrefu, mkavu, haniangalii.

"Fungua mdomo," akasema.

"Nimekuja kutoa pole tu."

"Fungua mdomo, Bwana Shemdoe. Hapa haingii mtu bila kupimwa."

Nikafungua. Akashuka kooni mpaka tumboni, akapanda, akajifuta kwa kitambaa, akashuka tena. Ndivyo sheria ilivyo, kipimo cha kwanza huwa hakihesabiwi. Alipotoka mara ya pili alijitazama kwenye mwanga.

"Kiburi kimepita alama ya juu," akasema. "Woga uko chini ya alama ya chini. Pita, utaongezewa huko ndani."

Ndani palikuwa na chumba cha msiba, mikeka imetandikwa, na fyuzi wameketi ukutani kwa kufuatana umri. Kumi alivaa kanzu nyekundu, Ishirini ya njano, na Thelathini, msemaji wa ukoo, ya kijani. Kati ya Kumi na Ishirini palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeisogelea. Harufu haikuwa ya ubani. Ilikuwa ya plastiki inayoungua, na ilikuwa inatoka mahali nisipopaona.

Nikavua viatu. Nyayo zangu zilikuwa zimelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana, sawasawa na zile tairi za nyuma ambazo tangu Ramadhani nasema nitabadilisha. Nikakalia miguu haraka ili wasizione. Waliziona.

"Makiwa," nikasema.

Wakaitikia wote, ila hakuna aliyenipa mkono.

"Wewe nani wa marehemu?" akauliza Thelathini.

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Ahaa. Ndiwe uliyewatupa dirishani." Akawageukia wenzake, wakatikisa vichwa. "Marehemu walikuwa watatu, ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza alipokufa ulifanya nini?"

"Nilimtoa, nikaweka mwingine."

"Hukuuliza kilichomuua?"

"Mzee, ni fyuzi."

"Na wa pili alipokufa dakika hiyo hiyo?"

"Nikaweka wa tatu."

"Watoto watatu wa mama mmoja wanafia chumba kimoja, asubuhi moja, na wewe hukusema hapa kuna jambo?"

Jibu nilikuwa nalo. Mimi sikosi jibu, muulize mke wangu. Lakini lilipofika kooni likakuta kijiti cha oili kimerudi humo, likashuka tena. Ishirini alianza kulia, na machozi yake yakawa yanaruka cheche juu ya mkeka.

"Sisi hatufi kwa ajali, Bwana Shemdoe," akaendelea Thelathini, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kufa ndiyo kazi yetu. Tunakufa ili wengine wasife. Na kila fyuzi akikatika anaacha wosia, na wosia ni ule ule: tafuteni kilichoniua kabla hamjamweka ndugu yangu. Mara tatu umesomewa. Mara tatu umeukanyaga."

Nyuma ya pazia mtu akalia kwa kwikwi.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Honi, mjane wao. Yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatakiwi kusikika barazani. Wewe, mume hata hajapoa, umemwingizia mwanamume chumbani, wenye msiba hatujaulizwa, arubaini haijafika. Katika ukoo wetu jambo hilo halijapata kutokea."

"Mwanamume yupi?"

Pazia likafunguka, akatoka Waya. Alikuwa mwembamba, mwekundu wa shaba, kifua wazi. Wale wengine wote walikuwa na namba kwenye paji la uso. Yeye hakuwa na namba. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bosi."

"Mwambie aondoke," akasema Thelathini. "Wewe ndiye uliyemwozesha."

"Waya, ondoka," nikasema.

"Sawa, bosi." Akabaki amesimama.

"Nimesema ondoka!"

"Sawa, bosi. Kwangu kila kitu ni sawa. Ukileta kumi, napitisha. Ukileta mia, napitisha. Ukileta moto, napitisha."

Hapo ndipo woga uliponiingia, wote kwa mara moja, kama ndoo ya maji baridi ya mlima Magamba. Nimeishi na wakaidi, nimefanya kazi na waongo, nimegombana na watu wenye mapanga. Sijawahi kumwogopa yeyote kama nilivyomwogopa huyu asiyejua kukataa.

Chumba kinaanza kuinama. Mikeka inateremka, fyuzi wanateremka nayo bila kubadilisha mkao. Ukuta unakuwa kioo. Tuko barabarani, jua kali, tunashuka Mombo. Mke wangu amekaa kiti cha nyuma na gauni lake la kuendea harusini, amefumba macho. Pembeni yake mama mkwe, naye amefumba macho. Zaina yuko katikati, macho wazi, anahesabu kona. Mimi bado nimepiga magoti chini ya usukani. Sioni barabara. Sijui nani anaendesha.

Kila tukifika kona, Honi anapiga ukelele bila kuguswa. Ule si mlio wa kuomba njia. Ni sauti ya mjane anayebomolewa mlango. Na ile harufu ya plastiki sasa naiona, moshi mwembamba unaotoka nyuma ya redio.

Testa, kile kipima umeme cha mafundi, akapanda tukiwa kwenye mwendo. Alikuwa na taa kwenye paji la uso na mkia wenye kibanio. Akajibana kwenye chuma cha mlango, akasimama vizuri.

"Nimetumwa kutafuta fyuzi wa gari hili," akasema.

"Gari hili halina fyuzi wa honi," akajibu Thelathini.

"Hakuna gari lisilo na fyuzi. Kisipokuwepo kilichowekwa kife, hufa kilicho dhaifu kuliko vyote. Nimekuja kupima ni kipi."

Akamgusa mama mkwe begani. Taa ikawaka mpaka nikakinga macho. "Arobaini." Hata ndotoni sikushangaa. Akamgusa mke wangu. "Ishirini na tano." Akanigusa mimi kisogoni, ncha yake ilikuwa ya baridi. "Thelathini."

Halafu akamgusa Zaina kwenye paji la uso. Taa ikawaka kidogo, rangi ya chai ya maziwa.

"Tatu," akasema Testa, na akaizima taa yake.

Fyuzi wote wakatazama mikeka.

"Nichukueni mimi," nikasema. "Niko hapa hapa, nimeshapiga magoti, niwekeni mimi."

"Wewe ni thelathini," akasema Thelathini. Sasa alikuwa ananihurumia, afadhali angenitukana. "Tukikuweka wewe, mpaka ufe wewe, wengine wote wameshaungua. Fyuzi hatafutwi kwa mapenzi, bwana. Hutafutwa kwa kipimo."

"Baba, wananiita," akasema Zaina.

"Usiende."

"Wamesema ni hapa hapa tu."

Akashuka kitini, akapita chini ya mkono wangu, akaingia kwenye kiboksi. Akajikunja magoti kifuani. Alienea. Ile nafasi kati ya Kumi na Ishirini ilimtosha kabisa, na Kumi akamvutia kanzu yake nyekundu mabegani kumfunika, kama unavyomfunika mtoto wa jirani aliyesinzia shughulini.

Nikamkamata Waya kwa mikono miwili nimng'oe. Vidole vikashika moto. Hakusogea, na hakuacha kutabasamu.

"Usichomoe kitu gari likiwa linawaka," akasema Thelathini. "Zima kwanza. Hilo hata mtoto analijua."

Nikaunyoosha mkono kwenye ufunguo. Mkono ukarefuka, ufunguo ukasogea mbele. Mkono ukarefuka tena, ukapita usukani, ukapita kioo, ufunguo ulikuwa umeshafika kona inayofuata. Nikamwita mke wangu. Nikamwambia azime gari, azime tu, nitaeleza baadaye.

"Si ulisema mwenyewe umeshatengeneza, Baba Zaina?" akajibu, bado amefumba macho.

"Bosi," akasema Waya, "kuna moto unakuja. Nipitishe?"

"Hapana! Hapana, usipitishe!"

"Sawa, bosi," akasema, akapitisha.

Mstari wa nywele za Zaina, pale mama yake alipozigawa katikati kwa ajili ya harusi, ukaanza kuwaka rangi ya machungwa. Alinitazama kama anayetaka kuniuliza kitu. Nikapiga kelele, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ikawa ya honi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani ameshachoka kuwika, mke wangu anapiga pasi kanzu yangu.

"Umelala vibaya?" akauliza.

"Nimelala vizuri," nikasema.

Hapa naomba nisijipambe. Mtu mwenye akili angetoka kitandani moja kwa moja mpaka kwenye gari. Mimi nilioga, nikanywa chai, nikajiambia ndoto ni ndoto na harusi ni saa nane. Nilipita mbele ya lile gari mara tatu nikibeba masufuria ya mama mkwe, na mara zote tatu niliangalia pembeni. Nilikuwa naogopa kufungua kile kiboksi, na nilikuwa naogopa zaidi Kupaza asije akapita akanikuta nimekifungua.

Tukapanda. Mama mkwe na mke wangu nyuma, Zaina katikati yao. Nikaingiza ufunguo.

Zaina akasimama kitini, akaniegemea begani kwa nyuma. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya maandazi.

"Baba," akaniambia sikioni, "kwani tatu ni kidogo?"

"Tatu ya nini, mama?"

"Sijui. Yule mwenye taa hapa," akajigusa paji la uso, "alisema mimi tatu. Halafu akaizima."

"Twendeni jamani, bwana harusi hatatungoja sisi," akasema mama mkwe.

Nikachomoa ufunguo. Nilijaribu kuutia mfukoni, ukaanguka chini, nikauacha huko huko.

"Shukeni," nikasema. "Shukeni wote."

"Kuna nini tena, Baba Zaina?"

"Nimeweka waya mahali pa fyuzi."

Sikungoja mke wangu aulize maana yake. Nilishazunguka nje, nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika Zaina kwapani nikamteremsha yeye kwanza.