Kumi na Sita kwa Anwani Moja

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema msihangaike kumtafuta, maana ofisini tulikuwa wawili tu, na Doña Delmy hajawahi kuwa mjinga hata kwa bahati mbaya.

Kazi yetu ni mafuriko. Mto Ulúa ukichachamaa, wa kwanza kuupokea ni watu wa bordo, wale waliojenga vibanda vyao vya mbao na mabati juu ya tuta lenyewe la mto. Maji yatafika wapi na saa ngapi, hilo hupigiwa hesabu na kompyuta kumi na sita zilizopangwa kwenye kabati moja la chuma, zikigawana kazi kama wanawake wanaochambua maharage kwenye sinia moja. Kila moja ina anwani yake ya mtandao. Kwa anwani hiyo wenzake huijua, huipa fungu lake na kuidai majibu.

Mvua ilikuwa imeingia siku ya tatu. Takwimu za vipimo vya mvua zilikuwa zimehamishiwa njia nyingine, hivyo kila kompyuta ilitakiwa ionyeshwe lango jipya la kuzipokelea. Mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio. Doña Delmy, mkuu wa chumba, alikuwa anamalizia baleada yake, chapati ya ngano iliyokunjwa na maharage.

"Ingia moja moja, mwanangu," akasema.

"Doña, nikiingia moja moja nitaoa, nitapata wajukuu, bado niko kwenye ya saba."

Nikarekebisha faili la kompyuta ya kwanza, kisha kwa amri moja nikalisambaza kwa zote na kuziamuru ziwashe upya mtandao wao. Sekunde nne. Nikajipigia makofi.

Skrini ikaganda. Utabiri, uliokuwa umefika nusu, ukafa. Nikaita kompyuta ya pili: kimya. Ya tatu: kimya. Nikaita ya kwanza, jibu likaja vipande vipande, kama watu wengi wanaogombea simu moja. Hapo ndipo nilipolifungua tena faili nililosambaza. Faili lile halikubeba lango peke yake. Lilibeba na anwani ya kompyuta yenyewe.

"Umezifanya nini, Selvin?"

"Zote zinajiita ya kwanza, doña."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Simu ikalia, akaiweka kwenye spika. Alikuwa Sajenti Osman wa zimamoto.

"Malori yangu matatu yananguruma hapa darajani. Karatasi yenu ya utabiri iko wapi?"

"Inakuja, sajenti," nikasema.

"Hata Krismasi inakuja. Redio inasoma tahadhari saa nane kamili. Bila karatasi siruhusiwi kumtoa mtu kwake, na hawa hawatoki kwa kubembelezwa. Mwezi uliopita tuliwatoa mara mbili. Mto haukuja, wezi wakaja."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Hesabu yenyewe hula karibu nusu saa.

"Chomoa nyaya zote za mtandao," Doña Delmy akaniambia. "Zikiwa zimeunganishwa zitaendelea kunyang'anyana hiyo anwani mpaka kesho."

Nikachomoa. Tulikuwa na kibodi moja na skrini moja juu ya kitoroli kibovu cha magurudumu matatu. Chomeka kwenye mashine, ingia, futa anwani ya uongo, andika ya kweli, washa mtandao, rudisha waya, jaribu. Sogea. Yeye anasoma kwenye orodha, mimi naandika. Dakika tano kila moja, na nje mabati yanapigwa na mvua hadi hatusikilizani.

Kwenye ya sita vidole vikaniponyoka.

"Simama! Hiyo ni anwani ya ya tano."

"Nimeona."

"Hujaona. Uko mbioni. Pumua, injinia."

Aliponiita injinia nikajua kaniudhikia kweli. Sina hata cheti. Niliufunza mkono huu kwenye duka la kutengeneza simu, na ada nililipa kwa kuunguza simu za watu. Nikapumua. Nikaandika upya.

Saa saba na nusu tulikuwa tumemaliza tisa. Doña Delmy akasukuma kitoroli pembeni.

"Tunaanza na hizi."

"Tisa? Hazitoshi kwa ramani nzuri."

"Panua miraba ya ramani, hesabu ipungue. Nusu kilomita kwa nusu kilomita."

Nikapanua. Tisa zikaanza kuvuma, nasi tukakaa tukizitazama kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali. Nilizihesabu taa zake. Moja ikizimika tu, basi. Hakuna iliyozimika.

Saa nane kasoro dakika sita ramani ikatoka. Miraba myekundu kutoka darajani hadi kwenye banda la kufungashia ndizi: maji kupita juu ya tuta kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Lakini miraba mikubwa hivyo! Kibanda na bwawa la samaki ndani ya rangi moja.

Doña Delmy akaitia karatasi sahihi, akaniwekea mbele nitume kwa zimamoto na redio. Nikaisukuma irudi kwake.

"Doña, nipe dakika arobaini nimalizie saba zilizobaki. Hii ni ya kubahatisha."

"Redio haisubiri dakika arobaini."

"Wataisoma saa tisa!"

"Saa tisa barabara ya bordo itakuwa tope. Malori hayaingii."

"Na tukikosea mara ya tatu? Watapoteza tena majiko yao na kuku wao. Watakuja hapa mlangoni kututukana, na haki watakuwa nayo!"

"Wakija kututukana, Selvin, maana yake wako hai. Tuma."