Aliyeitikia Jina la Jane

Mjukuu wangu Leticia alinifuata jikoni na simu yake, nikiwa nachambua maharage.

"Bibi, hebu watazame hawa. Si wamevaa kama wewe kwenye ile picha ya ukutani?"

Nikafuta mikono, nikatazama. Walikuwa dada watatu wa Uingereza, nywele wamezipandisha juu kama kichuguu, macho yamepakwa wanja mzito, magauni yanaishia magotini. Waliimba ule muziki wa soul wa zamani, mmoja anaongoza na wawili wanamwitikia, huku mikono yao yote ikienda upande mmoja. Nikamwambia hao ni watoto wa juzi tu, wamevaa ujana wa bibi zao.

"Basi na sisi tutavaa wako," akasema.

Hao "sisi" walikuwa Leticia mwenyewe, Zuhra, ambaye wazazi wake ni wafanyabiashara wa korosho wa Tunduru, na Jane, mtoto pekee wa jirani yetu Kunegunda hapa Mjimwema. Niliwashonea magauni matatu ya manjano yenye kola nyeupe, nikawaonyesha tulivyokuwa tukibana nywele zikasimama. Wakajiita Dada wa Matogoro, kwa jina la mlima wetu.

Walianzia kwenye komunio ya kwanza ya mtoto mmoja wa mtaa wetu. Wazee walicheka walipoona zile nywele, halafu wakanyamaza, kisha mzee mmoja akamshika mkewe mkono, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Baada ya hapo zikaja harusi, zikaja send-off, ikaja jubilei ya mtawa mmoja, bruda wa kule Hanga, na redio ya hapa mjini ikawaita. Nyimbo walitunga wenyewe kwa Kiswahili, ila mtindo ulikuwa wa wale Waingereza. Leticia aliongoza, Zuhra akaimba chini, Jane katikati. Sauti ya Jane haikuwa kubwa. Ukiitafuta huioni, lakini siku Jane alipokuwa na mafua wimbo ulipwaya.

Wale wa Uingereza wenyewe hawakudumu. Leticia alinisimulia kuwa mmoja alitoka akawekwa mwingine, akatoka wa pili akawekwa mwingine tena, na mwisho wakaacha kuimba.

"Sisi hatutabadilishana kama matairi," alisema Jane, na wote wakaangua kicheko hapo kwenye mkeka wangu.

Masika yaliyofuata Jane akapata homa. Tulidhani itapita. Haikupita, tukamzika.

Leticia na Zuhra walikaa muda mrefu bila kuimba. Walipoanza tena, walianza sebuleni kwangu, wamesimama wawili na katikati yao wameacha nafasi. Mimi nilikuwa napiga pasi. Kufika kwenye kiitikio nikasikia sauti tatu. Nikasema moyoni, haya ni masikio ya uzee. Lakini Zuhra alinyamaza ghafla, akageuka.

"Subhanallah. Leti, umesikia?"

"Imba tu," Leticia akamjibu, na machozi yakimtoka. "Imba, asije akaondoka."

Wakijirekodi kwa simu zilisikika sauti mbili. Wakiimba mbele za watu zilikuwa tatu. Kwenye harusi moja mama aliyebeba mtoto aliniuliza yule wa tatu amejificha wapi, mbona hatokei akashangiliwa na yeye. Maneno yakaenea kuwa kile ni kikundi chenye marehemu. Wengine walikuja kusikiliza kwa sababu hiyo, lakini nani anataka marehemu kwenye harusi ya binti yake? Ndipo wakaona watafute mtu wa tatu, ili watu wakisikia sauti, waone na mdomo.

Wakampata Lidwina, binti wa Kimatengo aliyekuwa akikaa na shangazi yake Majengo na kumsaidia dukani. Mama yake alikufa akiwa mdogo. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri ya kwaya, na tangu siku ya kwanza alipoingia kwangu hakuwahi kuondoka bila kuosha kikombe alichonywea.

Sasa niseme habari ya gauni. Kwenye ukoo wa Kunegunda, ambao ni Wangoni, nguo za marehemu haziguswi mpaka siku ya kuondoa tanga, yaani kumaliza msiba. Siku hiyo wanakaa, wanamchagua mtu wa kurithi jina, wanamvika nguo moja ya marehemu, kisha aliye mkubwa kwenye huo msiba anaita jina mara tatu. Aliyevaa akiitika, basi. Jina ni lake na nyumba ile ni kwao. Leticia aliyajua hayo. Ila gauni la manjano la Jane lilikuwa kwangu tangu kabla hajaugua, nilikuwa nalipunguza kiuno, na Leticia akaona lile ni la kikundi kama vile spika ni ya kikundi, si nguo ya marehemu. Jumamosi moja nilikuwa kwenye Misa. Niliporudi walishatoka, na kamba nilipolitundika ilikuwa tupu.

Nikawafuata hadi ukumbini, huko huko Majengo. Ilikuwa send-off. Kunegunda naye alikuwepo, amekuja na akina mama wa jumuiya kugawa chakula. Wasichana walikuwa wamesimama mbele ya bibi harusi, migongo imeelekea mlango wa jikoni. Nilikuwa bado natafuta pa kukaa wakati Kunegunda anatoka na sinia la pilau. Akaona ule mgongo wa manjano wa katikati, na zile nywele, na akasikia ile sauti.

"Jane!" akaita. Hakupiga kelele. Aliita kama mama anavyomwita mtoto aje amshikie kitu.

Lidwina amelelewa asimwache mama mtu mzima aite mara mbili. Aligeuka, akapiga goti kidogo. "Bee, mama."

Kunegunda aliliweka sinia mezani polepole, bila kumwaga hata punje. Halafu akakaa sakafuni. Ukumbi mzima ulinyamaza, na katika ukimya ule nilisikia kiitikio kikimalizika, kwa utulivu kabisa, ingawa wasichana wote watatu walikuwa wamefunga midomo.

Egidi, kaka yake Kunegunda, alikuja kwangu baada ya siku mbili. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mama Ida."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai sana. Binti amevaa, ameitwa, ameitika. Imebaki kuita mara mbili tu, na tutaita siku ya tanga."

"Hakujua, Egidi. Ni Mmatengo, hata mila yenu haijui."

"Kuitika kuna kujua? Ukimwita mtu anaitika." Akakunja kofia mikononi. "Nimezungumza na shangazi yake. Amekubali. Amefurahi, kwa kweli. Mama Ida, dada yangu hajala vizuri tangu masika. Tangu juzi anakula."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonifunga mdomo. Kunegunda alianza kumletea Lidwina togwa kwenye chupa. Alimsuka. Alimnunulia kandambili alipoona zake zimekatika. Hakumwita jina lolote, alisema "mwanangu" tu, na kila aliposema Lidwina alitazama chini.

Alasiri moja Lidwina alikuja kwangu akiwa peke yake, akakaa karibu na cherehani.

"Bibi, wakimaliza kuita, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa Jane, mtoto wa Kunegunda. Utakaa kule, na hata posa yako italetwa pale kwa jina hilo."

"Na Lidwina?"

Akashika kitambaa changu, akawa anakikunja na kukikunjua.

"Nikiimba, Bibi, sauti inatangulia, mimi nafungua mdomo baadaye. Jana kwa kina Jane nimefungua kabati nikatoa kikombe, halafu nikajiuliza, nani ameniambia vikombe viko humu?" Akakikunja kitambaa tena. "Ningekuwa naogopa tu ningekimbia. Lakini napenda. Hakuna mtu amewahi kunisuka tangu mama afe. Naogopa nitaitika kwa kupenda, na mama yangu mzazi hatakuwa na mtoto tena. Mimi tu ndiye niliyebaki wa kumkumbuka."

Nilimwambia aende akamwambie Kunegunda vile vile. Alisema hawezi kumwambia mtu aliyeanza kula.

Siku ya kuondoa tanga ilikuwa ya jua kali. Uani kwa Kunegunda tulitandika mikeka, wanaume upande wa ukuta, wanawake karibu na jiko. Lidwina aliketishwa katikati amevaa lile gauni. Leticia hakuweza kumtazama. Zuhra ndiye aliyesimama. Yeye ni Myao, mtani wa Wangoni, na mtani msibani hafungwi mdomo.

"Nyie Wangoni!" akasema kwa sauti. "Babu zenu waliteka watu kwa mikuki, mkaambiwa muache. Kumbe mmehamia kwenye magauni!"

Wazee wakacheka. Egidi naye akacheka, huku akimtishia kwa kofia. "Kaa chini, Myao, usije ukatekwa na wewe."

"Mimi hamniwezi, nakula sana." Kisha akaacha utani. "Mjomba Egidi, huyu mmemteka. Hajawapa ruhusa."

"Aliitika," Egidi akasema, na kicheko kikaisha.

Yeye ndiye aliyepaswa kuita, lakini Kunegunda alisema ataita mwenyewe. Akapiga magoti kwenye mkeka, uso kwa uso na Lidwina. Alimrekebisha ile kola. Alimfuta jasho juu ya mdomo. Nilikuwa karibu, nikamwona anavyomtazama yule binti machoni, kwa muda mrefu. Alikuwa anamtafuta mtu fulani mle ndani. Sijui alimwona nani. Ninachojua ni kwamba Lidwina alikuwa analia bila sauti, midomo ikitetemeka, tayari kuitika.

Ndipo Kunegunda akanyanyua mkono wa kulia akamziba mdomo, kiganja chote. Hakumbana. Alimziba kama unavyomziba mtoto asiamshe mwenzake.

"Jane," akaita.

Kimya. Egidi akainuka nusu. "Dada, unafanya nini?"

"Naita. Wewe tulia." Akavuta pumzi. "Jane, mwanangu."

Hakuna aliyeitika. Hata kuku hakulia. Kunegunda alibaki hivyo na mkono wake pale, mpaka mzee mmoja upande wa ukuta akasema kwa upole kwamba jina limeitwa mara tatu na mara mbili halikuitikiwa, kwa hiyo limekwenda na mwenyewe, na tule.

Kunegunda akautoa mkono. "Wewe unaitwa nani, binti?"

"Lidwina, mama."

"Ingia ndani ubadilishe nguo, Lidwina. Kuna gauni langu juu ya kitanda. Halafu njoo ule."

Jioni jua likiwa bado lipo, wasichana waliimba, kwa kuwa Kunegunda mwenyewe aliwaomba. Waliimba vizuri. Nilihesabu moyoni kila sauti na mdomo wake, zikawa sawa. Leticia alikuwa anageuza shingo, anasikiliza pembeni, na kila alipokosa alichokitafuta aliimba kwa nguvu zaidi. Wimbo ulipwaya, na utaendelea kupwaya mpaka Lidwina atakapoujaza kwa sauti yake mwenyewe. Itachukua muda.

Nilikwenda nyuma kumsaidia Kunegunda vyombo. Alikuwa ameinama kwenye beseni, anaosha sahani kwa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia alikuwa ameufumba, ameuweka kifuani.

"Umeumia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Mama Ida, nilipoita mara ya mwisho mdomo wa yule mtoto haukucheza. Nilikuwa nimeushika, ningejua." Akatazama ile ngumi yake. "Lakini humu ndani paliitika."

Nikachukua sahani zilizobaki, nikaosha, ili asihitaji kuufumbua.