Kuzunguka Ziwa kwa Goti la Chuma

Mama mkwe wa fundi alikuwa mkunga karibu maisha yake yote, na tangu daktari alipomtia chuma gotini majirani walimwita Bi Chuma. Jina lilimkaa. Akishaamua jambo, hata ukimjengea ukuta mbele, atauzunguka.

Asubuhi ile mkamwana wake, fundi cherehani, alimkuta kwenye chumba cha kushonea, ameketi kwenye kiti cha wateja, anafunga kamba za viatu vizito vya kutembelea milimani. Vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni alikuwa amevisukumia pembeni kwa fimbo yake.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nakwenda kuzunguka ziwa."

"Ziwa zima?"

"Nusu ya ziwa haizungukwi, mwanangu."

Fundi aliweka mkasi mezani. Ziwa lenyewe lilikuwa juu, limepakatwa na mlima, na msitu umelikumbatia pande zote. Njia yake ya miguu ilikuwa ya kupanda na kushuka, mizizi na mawe, na wenye magoti yao ya kuzaliwa walirudi kutoka huko wakichechemea. Alimpigia simu mumewe, aliyekuwa tayari yuko kazini kwenye duka la dawa.

"Mzuie," mumewe alisema.

"Mama yako anazuilika?"

"Basi fuatana naye. Mkifika kibanda cha kwanza cha kupumzikia, mgeuze. Niahidi."

Fundi aliahidi. Ilikuwa ahadi rahisi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutembea. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, na kila alichowahi kukianza nje ya cherehani, kuanzia kuogelea hadi masomo ya jioni, alikuwa amekiachia njiani. Mumewe alizoea kumtania kuwa yeye ni fundi wa kukata, kushona bado.

Walianza kwenye geti la msitu. Mlinzi wa msitu, kijana mpana mwenye koti la kijani, alilitazama goti, akaitazama fimbo, akawaeleza kwa upole: wafuate alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti, na wakichoka ng'ambo kuna gati dogo la mbao ambako yeye hupita na boti kila mchana.

Bi Chuma alitembea polepole, lakini hakusimama. Mguu mzima ulitangulia, fimbo ikafuata, halafu ule wa chuma. Fundi alitembea nyuma yake, mikono mbele, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kusimama. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua haikunyesha.

Kwenye kibanda cha kwanza fundi alimimina chai kutoka kwenye chupa, akakohoa. "Mama, tumefika pazuri. Turudi sasa."

"Mume wako ndiye aliyekutuma useme hivyo?"

Fundi alimsogezea kikombe.

Bi Chuma alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kabla barabara haijajengwa, kina mama wa ng'ambo walikuwa wakizalia kwao. Njia hii ndiyo niliyokuwa nikipita, mara nyingi gizani, mkoba begani, na mume wa mtu anakimbia mbele na taa akiniambia nifanye haraka. Nimeipita njia hii mpaka miguu ikaizoea. Lakini ziwa sijawahi kuliona. Nilikuwa nakimbizana na uchungu wa watu. Nataka nilizunguke siku moja nisiyoitwa na mtu."

Fundi aliangalia chai yake. Alifunga chupa, akasimama, akatangulia.

Ukungu ulipopanda, ziwa likafunguka chini yao, la kijani kibichi karibu na miti na jeusi katikati. Bi Chuma alisimama kwa mara ya kwanza tangu kibandani. Alitazama mpaka akatosheka, akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Twende."

Aliyeanguka hakuwa yeye. Walikuwa wanateremka kuelekea gati, na fundi aligeuka nyuma kumwonya mama mkwe juu ya mzizi, akaukanyaga yeye. Kifundo cha mguu kilipinda, akakaa chini kwa kishindo.

Bi Chuma aliinama kadiri chuma kilivyomruhusu. Alikibonyeza kifundo hapa na pale, akimtazama mkamwana usoni badala ya kuutazama mguu. "Haujavunjika. Umeteguka kidogo. Lete huo mtandio." Akaufunga mguu kwa mkazo na ustadi, kisha akampa fimbo yake.

"Na wewe je, Mama?"

"Msitu mzima huu hautakosa fimbo nyingine."

Walipofika kwenye gati, boti ilikuwa inakaribia. Mlinzi aliuona mguu uliofungwa, akanyoosha mkono. "Panda, dada. Dakika chache tu utakuwa getini. Na Mama pia."

"Mchukue huyu," alisema Bi Chuma. "Mimi namalizia."

Fundi alishaweka mguu mmoja kwenye ubao wa boti. Mguu ulimuuma, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijiona tayari yuko sebuleni, anamsimulia mumewe walivyofika mpaka gati, na mumewe anatikisa kichwa kwa tabasamu lile lile alilotabasamu siku alipoacha kuogelea, na siku alipoacha masomo. Halafu akamwona mama mkwe wake anachagua fimbo kwenye kichaka, akiijaribu kwa uzito wa mwili wake.

Aliuondoa mguu kwenye ubao.

"Asante, kaka. Ukipita geti ukamkuta mwanamume mwenye koti jeupe la dukani ana hasira, mwambie tunakuja."

Nusu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kwenye mteremko wa mawe goti la Bi Chuma lilikataa kukunjika, wakakaa kitako wote wawili na kujiburuza kama watoto, sketi zikishika matope. Kwenye mpando wa mwisho pumzi zilimwishia fundi, akaegemea mti.

"Siwezi, Mama."

"Wote husema hivyo kichwa kikikaribia kutoka. Vuta pumzi. Sasa sukuma."

Fundi alicheka mpaka akashika ubavu, na akiwa bado anacheka akajikuta anapanda.

Walitoka getini jua limeshuka nyuma ya mlima, wameshikana mikono, wote wawili wanachechemea. Mume alikuwa anasubiri kando ya gari. Alifungua mdomo kwa maneno aliyokuwa ameyapanga mchana kutwa.

"Uliniahidi," alimwambia mkewe.

"Nilikuahidi, na nimevunja. Ugomvi wako nitausikiliza nyumbani, nikiwa nimekaa. Sasa msaidie Mama kuingia."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Mume alimtazama mkewe, akautazama mtandio uliojaa matope, akafungua mlango wa gari.

Goti la Bi Chuma lilivimba wiki nzima, na daktari alimsema sana. Alimsikiliza kwa adabu. Wakati wa kutoka aliuliza kama upande wa juu wa mlima nao una njia.

"Upo mlango, Mama, tuutumie," alisema fundi, akamshika mkono kabla daktari hajajibu. Huko nje akamnong'oneza, "Njia ipo. Nilimuuliza mlinzi. Lakini safari hii tunamchukua na mwanao."