Alama za Chuo cha Kwanza

Binti yangu alinipigia simu nikiwa karakanani, nachomelea geti. Anaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, na wanataka alama zake zote, hata za chuo alichohama.

"Aliyehama nyumba hadaiwi kodi," nikamwambia.

"Hii inakufuata, baba. Wanazihesabu zote, na kule nilifeli masomo mawili."

Alifeli mwaka ule mama yake alipokuwa kitandani.

"Kuna mahali pa kujieleza. Nimwandike mama?"

Tangu mazishi hatujawahi kumtaja. Nikazima mashine.

"Mwandike. Waambie ulikuwa unamwogesha."

"Na wewe ulikuwa unamlisha."

"Hiyo usiandike."

Alicheka kidogo, akaniaga aende kuandika. Nikabaki na simu mkononi, nikitamani aniulize jambo jingine kuhusu mama yake.