Pini Mfukoni mwa Baba

Wateja walikuwa na utani wao: mzee wa gereji ile, hata ukimletea toroli, hakuachii uondoke mpaka aingie chini yake. Mwenyewe alicheka nao, lakini hakubadilika. Sheria yake aliiweka kabla binti yake hajazaliwa: aliyerekebisha hakagui, na anayekagua hana haraka. Binti alipokua na kuishika spana, wakagawana kazi. Yeye alipanga tairi za mbele zikae sawa. Baba aliingia chini mwishoni, akakaza nati za tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi ya kushoto na ya kulia ili zifuate usukani pamoja. Kisha alitia pini ili nati zisilegee, akapaka tone la rangi nyeupe. Tone likionekana, lori linaondoka.

Asubuhi hiyo yalikuja malori mawili, moja la mbao, jingine la saruji, yote tairi zikiliwa upande mmoja. Binti alibadilisha vichwa vya tairodi vilivyochakaa, akapima, akazungusha, akapima tena. Baba akaingia chini ya la kwanza, kisha la pili. Kila mara alitoka akijipangusa magoti, akasema neno lake moja: tayari.

Saa saba mchana lori la mbao likarudi, likitambaa kama mgonjwa. Dereva alilalamika kwamba usukani unacheza. Akikata kulia, lori linafikiria kwanza. Binti akalala chali, akajisukuma mpaka chini ya ekseli. Tone lilikuwepo, jeupe pe. Akaigusa nati kwa vidole, ikazunguka. Tundu la pini lilikuwa wazi. Upande wa pili, vilevile.

Kisha akatoka, akamwendea baba yake aliyeketi juu ya tairi kuukuu na kikombe cha chai. Akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya mzee, kama mama anavyompekua mtoto, akatoa pini. Zilikuwa nne. Kila lori linatumia mbili.

"Baba, mbona hizi hukuzitia?"

Mzee akazitazama kiganjani mwa binti yake. "Za nini hizo, mama?"

Binti alimpigia simu dereva wa saruji. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mara ya sita ikapokelewa, na sauti haikuwa ya dereva. Ilikuwa ya mwanamke mpita njia, aliyetaka kujua kama anaongea na ndugu wa dereva. Lori, alisema, lilishindwa kukata kona chini ya mteremko, likaingia kwenye kibanda cha fundi viatu. Dereva alikuwa anatolewa, miguu imevunjika. Fundi viatu hakuhitaji tena kutolewa haraka, alikuwa ameshakufa.

Binti akakaa chini pale pale penye oili, na yale aliyoyafumbia macho yakamjia moja moja. Sufuria tupu iliyoachwa jikoni mpaka ikaungua. Asubuhi ile baba alipouliza mara mbili mama yuko wapi, na mama ana miaka minne kaburini. Alijiambia ni uzee tu, kila mzee husahau. Ukweli ni kwamba aliogopa kumnyang'anya spana. Aliona ingekuwa sawa na kumzika mzima.

Askari alifika kabla jua halijatua, pamoja na mkaguzi wa magari aliyekuja na nati iliyookotwa barabarani. Mkaguzi akauliza nani aliikaza. Kabla binti hajafungua mdomo, mzee akaichukua, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya nati, akaisogeza karibu na macho. Uso ukambadilika kwa hasira.

"Hii haikukazwa," alisema. "Fundi gani anaachia lori hivi? Mtu wa namna hii hafai kushika hata baiskeli."

Askari akamtazama mzee, akamtazama binti.

"Ni mimi," binti akasema. "Mimi ndiye niliyeliachia."

Haukuwa ukweli wote, wala haukuwa uongo mtupu. Alifungwa mwaka mmoja, na gereji ikafungwa. Mzee alikwenda kukaa kwa dada yake.

Alipotoka, binti alikwenda kwanza kwa mjane wa fundi viatu. Mjane alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Hakumtukana wala hakumkaribisha. Alisema amesikia, akaingia ndani, akasukuma komeo.

Kwa shangazi alimkuta baba amekonda, shati amelifunga vifungo kombo. Jina la mkewe lilikuwa limemtoka, na habari zote za malori pia. Ila jambo moja lilimganda, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa.

"Huyu binti yangu," alisema, akimnyooshea kidole, "nilimfundisha mwenyewe. Akaacha nati bila kuikaza, mtu akafa."

Shangazi alishindwa kuvumilia, akataka kumkosoa kaka yake. Binti akamzuia kwa macho. Akapiga magoti mbele ya mzee, akaanza kufungua vifungo avifunge upya.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Niliacha."