Kitanda cha Cecilia

Nyanzala alibaki na mjukuu mmoja, Agape, na hofu moja: kwamba watu wa ustawi wa jamii wangekuja kumchukua. Kila alipompeleka hospitali kwa ajili ya kifua kilichomsumbua, mapokezi waliuliza wanakaa wapi, naye alitaja pale walipoamkia. Kakese, kwa shemeji. Magamba, kwa binamu. Sasa Kawajense, kwa rafiki yake Cecilia. Angetaja wapi tena?

Safari hii nesi Pudensiana alisoma kwenye kompyuta, akamgeukia.

"Bibi, mnahama sana nyie."

"Sisi Wasukuma, mwanangu. Hata ng'ombe wetu wamezoea."

Nesi akacheka, lakini hakuliacha. "Mtoto akirudi na kifua kilekile, na kila mara anatokea mtaa mwingine, huwa tunakwenda kuona anapolala. Kesho nitakuja na Maiko, wa ustawi wa jamii."

Nyanzala alirudi nyumbani haraka. Ukweli ni kwamba walilala jikoni kwa Cecilia, kibanda cha uani, mkeka ukigusana na mafiga. Akaenda kwa mwenzake na kuazima chumba, kama watu wanavyoazimana vyombo mgeni akija. Cecilia hakumnyima. Alitoa kitanda, neti, shuka la maua, na hata chupa ya chai.

Kesho yake Maiko alipoingia na nesi, aliangalia huku na huku, uso ukamkunjuka.

"Mbona pazuri? Sista, hawa wana afadhali. Tuwatoe kwenye orodha ya wa kusaidiwa, tuwafikirie wenye shida zaidi."

Roho ya Nyanzala ikatulia. Ameshinda. Basi Agape, aliyekalishwa kitandani wima kama bibi harusi, akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akajikunja, machozi yakamtoka.

Nyanzala akamshika mgongo. Alikaa hivyo mpaka kikohozi kikapoa.

"Msitutoe," akasema taratibu. "Kitanda ni cha Cecilia. Sisi tunalala jikoni."

"Nilimwambia uongo hauwezi," Cecilia akasema mlangoni. "Jana kaufanyia mazoezi mpaka kanichosha."

Hakuna aliyecheka sana. Nyanzala alikuwa anamwangalia Maiko tu. "Mtamchukua?"

"Tumpeleke wapi bila wewe, bibi? Nani atamsugua kifua?" Maiko akavuta kiti karibu naye. "Parokiani kuna vyumba vya familia, tumepewa tuwape watu kama nyie. Jiko lake liko mbali na pa kulala. Mtahamia wote wawili, na hapo hamhami tena mpaka mtoto apone na nyie mpate pa kwenu."

Nyanzala akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Pudensiana alikuwa ameshamshika Agape mkono, wameinama kuingia kibandani. Masizi yalining'inia darini.

"Wewe unalala upande gani?"

"Huu wa mlangoni, kwenye hewa," Agape akamwonyesha. "Huko kwenye moshi analala bibi."