Mgeni Aliyeandika Chemchemi Yetu

Mkuu wetu wa kijiji, Bapa Kanisius, maana kwetu mwanamume mzima huitwa Bapa, hakuwa mtu wa kupanda hadi kwangu bila sababu. Nyumba yangu iko juu kabisa Golo Nderu, mwisho wa ngazi za mawe, na yeye ana goti bovu. Kwa hiyo nilipomwona asubuhi ile akitokeza kwenye ukungu, amemtanguliza msichana mwenye begi kubwa mgongoni, niliacha kugeuza kahawa mkekani, nikajifuta mikono.

"Mama Yustina," akasema akihema, "huyu ni Paskalina. Katumwa na ofisi ya mjini aandike wasifu wa kijiji. Watu wangapi, wanalima nini, maji yanatoka wapi, mpaka uko wapi. Atakaa kwako siku kumi na moja."

"Kwangu? Kwako kuna vyumba vitatu."

"Kwangu kuna wanaume watatu. Wewe ni mjane, chumba kitupu unacho, na domo lako peke yake linatosha kumchangamsha mgeni."

Msichana akacheka. Mimi sikucheka. Nilimpokea kama desturi inavyotaka, kwa jogoo mweupe na kibuyu cha tembo, nikayasema maneno yote ya kumkaribisha bila kuruka hata moja. Lakini Bapa Kanisius alipotaka kushuka alinivuta nyuma ya pipa la maji ya mvua.

"Mwangalie huyo," akaninong'oneza. "Anauliza mno. Lolote utakaloona njoo uniambie mimi. Mimi tu, si shemeji yako Tadeus."

Nikaitikia. Sikuhitaji kuhimizwa, maana kalamu sisi tunaijua. Miaka kumi na miwili nyuma walipita watu wa namna hiyo, viatu visafi, maneno laini, wakauliza nani anataka mabati. Majirani zetu wa Rejeng, bonde la pili, waliandikisha majina na kutia dole gumba. Mabati walipata. Kiangazi kilichofuata zikaja mashine zikala kilima chao, zikitafuta jiwe jeusi, na mto wao mpaka leo unatiririka kama maji ya kuoshea masufuria. Sisi wa Golo Nderu tulisikitika, ndiyo, ila si sana. Rejeng na sisi tuligombana juu ya mpaka tangu enzi za baba mkwe wangu. Mapanga yalitoka, watu wakazikwa, na tangu hapo hatuoani wala hatualikani.

Siku mbili za kwanza nilimtafutia kosa nisilione. Aliamka kabla yangu, akachota maji, akafagia ua. Hilo nalo likanitia shaka. Mtu wa ofisi anafagia ua wa mjane kwa faida gani? Wazee walipompa tambuu na popoo alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazitia mfukoni. Hakutafuna. Alihesabu mapaa, akahesabu nguruwe, akauliza mahindi yetu yanatosha miezi mingapi.

"Saba," nikamwambia.

"Na yakiisha mnakula nini, Mama?"

"Mihogo."

"Na mihogo ikiisha?"

"Tunakula wageni."

Akaandika, kisha akatambua, akakata kwa kalamu huku mabega yakimtikisika. Nilikaribia kumpenda. Nikajikanya.

Siku ya nne akaanza habari za Wae Rempu. Hiyo ndiyo chemchemi yetu, chini ya mikuyu, pale mashamba ya duara yanapoishia. Hatuendi pale kwa makelele. Kila mwaka tunawapelekea kuku wahenga wanaoilinda, tunawaita kwa majina waje kula pamoja nasi. Paskalina alitaka kujua nani aliyatega maji yale kwanza, mawe bapa yale yanamfunika nani, na mwanzi wa kuyaleta kijijini ulilazwa mwaka gani. Kisha nikamwona mwenyewe, nimejibanza nyuma ya mti wa kahawa, akiizunguka chemchemi kwa hatua za kuhesabu, simu kaiinua juu kama anayeomba mvua. Aliokota mawe mawili akayatia begini. Akajaza chupa ya maji akaiandika jina.

Aliporudi nilimngoja mlangoni. "Enu," nikamwita, kama tunavyowaita mabinti wote wa kwetu, "mawe ya nini?"

"Nataka kujua ni mawe gani, Mama. Na maji nataka yapimwe kama ni safi."

"Watoto watano nimewalea kwa maji hayo. Nani kakwambia ni machafu?"

"Hakuna aliyesema ni machafu."

"Kwenu wapi hasa?"

"Chini," akasema, "upande wa pwani." Na macho yake yakaenda kwenye kahawa iliyoanikwa.

Jioni hiyo nilishuka kwa Bapa Kanisius nikammwagia yote. Alinisikiliza akitikisa kichwa, na nilipofika kwenye simu na mawe alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Endelea hivyohivyo," akaniambia. "Huyo katumwa na watu."

Siku ya saba tulikaa jikoni kumenya mihogo. Sisi wa Golo Nderu tunaupasua muhogo kwa urefu, kisha tunalifungua ganda kama mtu anayevua shati. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke wa hapa akifanya vingine. Paskalina, amechoka, mawazo yako mbali, akaushika muhogo wake, akauanza nchani, akaumenya kwa kuuzungusha, ganda likashuka refu kama utepe. Kisu kikaniganda mkononi. Namna hiyo nilikuwa nimeiona sokoni, miaka ile kabla ya mapanga, kwa wanawake wa mahali pamoja tu.

"Nani kakufundisha kumenya hivyo?"

"Mama yangu," akasema. Kisha akainua uso, akaona ninavyomtazama, akauweka muhogo chini.

"Mama yako ni mtu wa Rejeng."

Alichukua ganda lile akaanza kulikatakata vipandevipande.

Mtu wa Rejeng, ndani ya nyumba yangu, anapima chemchemi yetu kwa hatua! Nilihisi nimevuliwa nguo hadharani. Sikungoja nipoe. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na baada ya sala watu wote walikusanyika Nyumba ya Ngoma, nyumba kubwa ya ukoo wetu. Shemeji yangu Tadeus, mgawa mashamba, aliketi kando ya nguzo ya kati. Bapa Kanisius aliketi pembeni yake. Mimi nikasimama nikasema.

Kelele ikazuka. Mmoja alipaza sauti, "Wameshaharibu yao, sasa wanataka yetu!" Mwingine akasema afunguliwe begi.

Tadeus akainua mkono. "Binti, ni kweli?"

"Ni kweli, Bapa," Paskalina akasema. Alisimama wima. "Baba ni wa pwani, mama ni wa Rejeng. Sikusema kwa sababu nilijua mtanitazama hivi mnavyonitazama."

"Basi ungesema upesi," nikamrushia, "tukutazame mapema."

Watu wakacheka. Yeye akanigeukia mimi peke yangu. "Mama Yustina, nimekula kwako siku nane. Ungeniuliza nyumbani."

Kicheko kikakatika. Bapa Kanisius akanyoosha mkono. "Daftari lilete hapa. Nitalihifadhi mimi." Msichana alisita. Wanaume wawili wakainuka, naye akalitoa. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshashuka ngazi zote na begi lake, kwa miguu, na hakuna aliyemsindikiza.

Kesho yake nilikuwa nasafisha chumba chake. Nilipoinua mkeka wa kulalia nikakuta karatasi imelazwa chini yake, imenyooka vizuri. Kama aliisahau au aliniachia, sijui mpaka leo. Masista walinifundisha kusoma, kwa hiyo nilikaa kizingitini nikaisoma.

Ilikuwa ramani ya kijiji chetu, iliyopelekwa ofisini miezi miwili kabla Paskalina hajafika. Muhuri wa kijiji ulikuwepo, na saini ya Bapa Kanisius, ile yenye mkia mrefu. Mstari mwekundu uliozunguka Golo Nderu ulipita juu ya mikuyu. Wae Rempu ilikuwa nje ya mstari. Pale ilipo pameandikwa: msitu, hauna mwenyewe.

Na pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo wa Paskalina: "Si kweli. Nimefika. Kuna mawe ya wahenga, mwanzi, mahali pa sadaka. Hatua mia tatu na kumi kutoka shamba la mwisho. Ushahidi zaidi: Mama Yustina."

Nilisoma jina langu mara tatu. Kisha nikaenda kwa Tadeus nikikimbia, mimi mwanamke mzima.

Tadeus alichukua fimbo yake tukateremka pamoja hadi kwa Bapa Kanisius, tukamkuta anakunywa kahawa.

"Tunataka daftari la yule binti," Tadeus akasema.

"Nimeshalipeleka mjini."

"Lini?" nikamuuliza. "Tangu jana mchana, kwa goti hilo?"

Akatabasamu. Mimi sikungoja jibu. Nilikatiza hadi jikoni kwake, na mkewe hakunizuia, aligeuza uso tu. Kwenye majivu ya mafiga kulikuwa na waya mwembamba uliopindapinda, ule unaoshika kurasa za daftari. Nikautoa kwa kijiti nikauweka mbele yake, karibu na kikombe.

"Waliniambia ni barabara tu," akasema mwishowe. "Barabara, Tadeus! Ardhi ikiwa na wenyewe inachukua miaka. Ikiwa msitu, ni msimu mmoja."

"Nani waliokwambia?"

Badala ya jina aliinua kikombe, akanywa. Wala hakutuangalia.

"Na Rejeng nao waliambiwa mabati," Tadeus akasema, akainuka.

Kwa hiyo Bapa Kanisius alininong'oneza nyuma ya pipa nimchunge msichana ili yeye asichungwe, nami nikamfanyia kazi yake bila hata kuombwa mara mbili. Siku ya pili, alfajiri, nilijifunga sarongi yangu nzuri nikachukua njia ya Rejeng. Kwa miaka thelathini mguu wangu haukuikanyaga. Tadeus alinifuata nyuma, akisema anakuja ili nisiuawe, lakini naye alitaka kuja.

Watu wa Rejeng walitoka milangoni kututazama. Hakuna aliyetusalimu, hakuna aliyetuzuia. Tulivuka mto wao, nami nikauona kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu mashine zile, mweusi, kingo zake hazina hata jani. Paskalina alikuwa kwa mama yake, anamimina maji kutoka dumu hadi chungu, polepole, bila kudondosha tone.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Na daftari lako limechomwa."

"Nilijua litachomwa."

"Unaweza kuandika tena?"

Mama yake, kikongwe mwembamba mwenye meno mekundu kwa tambuu, akasema kutoka kwenye kivuli, "Mwulize kwanza kwa nini aandike kwa ajili yenu."

Paskalina akafuta mikono. "Nitaandika, Mama Yustina. Lakini nitaandika yote. Kabla ya ugomvi, Rejeng nao walichota Wae Rempu. Hilo nalo litaingia, nanyi mtatia saini chini yake."

Damu ikanipanda. Kumbe ndiyo bei! Niligeuka kwa Tadeus nikitegemea atapiga fimbo chini na tuondoke. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Shemeji," nikamwambia, "sema ni uongo."

"Babu yangu alisema walichota," akajibu taratibu. "Siku za jua kali waliteremka na vibuyu vyao. Baba akatukataza kulisema baada ya yale mapanga."

Tulikaa pale mpaka jua likapinda. Paskalina aliuliza, sisi tukajibu, na mengi aliyakumbuka kuliko sisi wenyewe: mapaa, nguruwe, majina ya waliozikwa chini ya mawe. Mwishoni Tadeus alitia saini. Kalamu ikaja kwangu. Niliandika jina langu lote.

Wasifu ulitoka mvua zilipoanza. Wae Rempu imo, ndani ya mstari wa kijiji, na sentensi ile ya Rejeng imo pia. Nyumba ya Ngoma karibu iangushwe kwa matusi, na wako wanaoniita msaliti hadi leo, mbele ya uso wangu na nyuma yake. Kiangazi wakaja wanaume wanne na vyombo vya kupimia, na ramani ile ya zamani mkononi. Tadeus akawafungulia wasifu mpya. Waliusoma, wakapiga simu, wakakusanya vyombo vyao. Walisema watarudi. Bapa Kanisius bado ni mkuu wetu, muhula wake haujaisha. Ananisalimia, namwitikia.

Siku hizi wanawake wa Rejeng huja kuchota Alhamisi, na mara nyingine Paskalina huja nao. Hupanda kwangu, hunywa kahawa. Siku moja nilimuuliza waziwazi:

"Enu, ulikuja Golo Nderu kwa ajili yetu, au kwa ajili ya watu wa mama yako?"

"Kwa pande zote mbili," akasema.

Nilimtazama machoni kwa muda mrefu. Sikuona uongo. Lakini kwa Bapa Kanisius pia sikuwa nimeuona.